Kumtazama Ndovu Mchana: Kutoka Horohoro Hadi Milima ya Shimba

Ndugu msomaji, ukitoka Tanga mjini kwa basi kwenda kaskazini, lami itakupeleka kilomita 65 hivi mpaka Horohoro. Hapo ndipo Tanzania inapokwisha. Utaona malori yamepanga mstari. Utaona mama lishe wakipepea moto, na vijana wakibadilisha fedha. Utaona pia ofisi ya mpaka ambamo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja.

Watu wengi hupita Horohoro kwenda kuuza na kununua. Sisi tulipita kwa shughuli nyingine. Tulikwenda kutazama wanyama.

Usicheke. Neno letu "safari" limechukuliwa na watu wa dunia nzima. Kwetu safari ni safari, hata ukienda Tanga kuuza nazi. Wao wakilitaja wana maana moja tu: kupanda gari la porini na kwenda kutazama wanyama. Wageni hutoka mbali sana na hulipa fedha nyingi kwa kazi hiyo. Lakini sisi tunaokaa na wanyama hao jirani, wengi wetu hatujapata kwenda hata mara moja. Tunakutana nao shambani, usiku, tena kwa ugomvi.

Tulikuwa watu sita. Mmoja wetu alikuwa mzee mkulima. Shamba lake liko ndani, upande wa bonde la Mto Umba. Tulipomwamkia "Shikamoo, babu," alijibu "Marahaba, wajukuu zangu," kisha akatueleza kwa nini amekuja.

"Mimi nimemfukuza ndovu miaka mingi," alisema. "Lakini sijapata kumwona vizuri. Yeye huja usiku wa giza. Namjua kwa kishindo, namjua kwa nyayo, namjua kwa mavi yake. Sasa nataka kumwona mchana, nimekaa, sina debe mkononi."

Nitamwita ndovu, kama alivyomwita mzee wetu. Vitabu vingi na redio husema tembo, na ni sawa. Ila kwa wazee wa pwani tembo ni lile la mnazi, na ukichanganya maneno hayo mawili utazua kicheko.

MNYAMA ASIYEJUA MPAKA

Mto Umba huanza katika Milima ya Usambara, hupita upande huu wa mpaka, kisha huvuka na kuingia baharini karibu na Vanga, Kenya. Maji hayaulizwi hati. Ndovu naye ni hivyo hivyo. Hifadhi ya Mkomazi, iliyo Tanzania, imepakana na Hifadhi ya Tsavo Magharibi, iliyo Kenya. Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na mwaka 2008 ikawa hifadhi ya taifa. Ndovu huenda na kurudi kati ya Tsavo na Mkomazi kwa kufuata maji na majani. Wengine huteremka mpaka vijiji vya Wilaya ya Mkinga, upande wa Mwakijembe. Wakikuta mahindi yamekomaa, hawapiti hivi hivi.

Binadamu, lakini, anaulizwa hati. Ukitaka kwenda kama sisi, kwanza shughulikia hati yako ya kusafiria kwenye ofisi ya uhamiaji. Usipite njia za panya. Wewe unakwenda kutembea tu, hukuiba kitu. Kwa nini urudi umekamatwa?

Baada ya Horohoro ni Lunga Lunga, upande wa Kenya. Kutoka hapo barabara huenda kaskazini sambamba na pwani. Utapita Ramisi, penye mashamba ya miwa, na utapita njia panda ya Msambweni. Lugha ni ile ile. Wadigo wako pande zote mbili, na mzee wetu alikuwa na ndugu huko wa kuwasalimu. Ukifika Ukunda unaendelea mbele hadi Kombani. Hapo unakunja kushoto na kupanda mlima hadi Kwale.

Tulilala Kwale. Ukilala mbali utachelewa, na kuchelewa ndilo kosa la kwanza la mtazamaji wa wanyama.

MSITU SI MBUGA

Hifadhi ya Milima ya Shimba iliwekwa mwaka 1968. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 192. Sehemu ni msitu mnene, na sehemu ni vilima vya majani mafupi. Siku isiyo na ukungu, ukisimama juu ya vilima hivyo unaiona Bahari ya Hindi chini yako.

Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi. Sisi watu wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo. Ila malipo si ya noti mkononi, ni ya simu au kadi, kwa hiyo ulizia mapema. Gari lazima liwe refu kwenda juu, lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Letu lilikuwa Land Rover kuukuu ya kukodi, na gharama tuligawana. Paa lake lilikuwa na tundu la kusimamia. Mwenzetu mmoja alitaka kukaa juu ya paa kabisa, kama mtu wa lori la mkaa. Dereva alimkataza.

Labda umeona picha za Serengeti: nyumbu maelfu, simba amelala juu ya jiwe. Msituni hakuna mambo hayo. Msituni ndovu mzima anaweza kusimama hatua 20 kutoka kwako na usimwone. Saa nzima ya kwanza hatukuona kitu ila kima wawili na ndege. Mwenzetu yule wa paa alianza kunung'unika kwamba fedha yake imepotea.

Dereva akazima gari. Akasema, "Nyinyi mnatazama majani. Tazameni chini ya majani."

Neno hilo lilitusaidia sana, nami nakupa wewe bure. Majani ya mti huziba mwili wa mnyama, lakini hayazibi miguu. Inama, tazama kati ya mashina ya miti. Shina likisogea, si shina.

Kisha sikiliza. Gari likiwaka hutasikia kitu. Likizimwa utasikia tawi likivunjika. Ndovu akila hujificha vibaya sana, maana huvunja matawi kama mtu anayechanja kuni. Utasikia pia ngurumo ndogo, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Hayo ni mazungumzo yao.

Tazama na barabara yenyewe. Mavi ya ndovu yakiwa makavu na yamepauka, mwenyewe yuko mbali. Yakiwa yamelowa, yanatoa mvuke na nzi ndio kwanza wanafika, funga mdomo na usubiri. Hapa mzee wetu alikuwa mwalimu wetu. Dereva alisema mavi fulani ni ya jana. Mzee aliyachungulia dirishani, akasema, "Ya alfajiri." Hawakubishana.

Kuna mambo usiyoruhusiwa. Usishuke garini ila mahali ulipoambiwa. Usipige kelele, usipige honi, usimtupie mnyama chakula. Mnyama amezoea umbo la gari na huliacha. Ukishuka wewe, umbo limebadilika, naye atakukimbia au atakujia. Ndovu akitandaza masikio na kukukabili, akatikisa kichwa, anakuambia umesogea mno. Rudi nyuma polepole. Usisubiri akuambie mara ya pili.

PALAHALA

Kabla ya ndovu tulimwona palahala. Wengine humwita mbarapi. Ni mnyama wa jamii ya swala, lakini mkubwa, karibu na farasi. Dume ni mweusi ti na tumbo lake ni jeupe. Pembe zake ni ndefu, zimepinda kurudi nyuma kama mundu. Jike ana rangi ya kahawia. Tuliona jike wanne na dume mmoja kwenye uwazi wa majani, umande bado haujakauka. Dume alitugeukia akasimama. Yule aliyekuwa akinung'unika alinyamaza.

Katika nchi nzima ya Kenya, palahala wa porini wako katika milima hii tu. Kwetu Tanzania wako wengi zaidi. Wako Ruaha, wako katika Hifadhi ya Nyerere, na wako hata Saadani, kusini ya Pangani. Mwaka 1909 Kermit Roosevelt, mtoto wa Theodore Roosevelt aliyekuwa rais wa Marekani, alikuja katika Milima ya Shimba kumwinda mnyama huyu. Wataalamu wakawapa palahala wa pwani jina la ukoo wake. Sijui kama mtu wa Kwale aliyemwonyesha njia alipewa hata jani.

NDOVU

Tulimwona saa 3. Kwanza tuliona miguu.

Ilikuwa miguu mingi, ya kijivu, nyuma ya vichaka. Dereva alizima gari. Tukakaa. Dakika zikapita, labda 20. Kisha jike mkubwa akatoka na kuvuka barabara mbele yetu, na nyuma yake wengine sita. Mmoja alikuwa mtoto mdogo, anatembea chini ya tumbo la mama yake. Mama huyo alimbeba tumboni miezi 22, karibu miaka miwili.

Hawakutujali. Walisimama upande wa pili wakala. Ndovu huzungusha mkonga kwenye fungu la majani, hulivuta, hulipiga kwenye mguu kukung'uta udongo, ndipo hulitia mdomoni. Hufanya hivyo bila haraka, kama mama anayepepeta mchele.

Mzee wetu hakusema neno. Alikuwa akihesabu kwa vidole. Baadaye tuliuliza anahesabu nini. Alikuwa akihesabu mafungu.

Askari wa hifadhi tuliyekuwa naye, wale ambao wazee bado huwaita mabwana nyama, alimwambia hesabu yenyewe. Ndovu mzima hula kiasi cha kilo 150 kwa siku, na hunywa maji zaidi ya lita 100.

"Gunia moja na nusu," alisema mzee. "Kila siku. Na hapa wako saba."

Akamtazama tena yule mtoto. "Lakini ana adabu," alisema. "Anamfuata mama yake."

NANI ANALIPWA?

Tulipofika mahali pa kushuka, mzee alimwuliza askari swali ambalo wageni wengi hawaulizi. "Sisi tumelipa langoni. Wazungu hulipa zaidi. Fedha hiyo inamfikia nani? Inamfikia mwenye shamba?"

Askari alijibu vizuri, nami nakueleza alivyosema, pamoja na mambo mengine ninayoyajua.

Kiingilio cha Milima ya Shimba huenda kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya. Lakini upande wa kaskazini wa hifadhi hii kuna mahali panaitwa Mwaluganje. Zamani ndovu walipita hapo kutoka msitu mmoja hadi mwingine, na hapo hapo watu walilima. Kila mwaka ugomvi. Mwaka 1995 wakulima, Wadigo na Waduruma, walikubali kuiacha ardhi hiyo kwa ndovu. Hawakuiuza. Waliiweka pamoja, na wageni wakaingia kwa kiingilio. Sehemu ya fedha iligawiwa wenye ardhi. Mtu aliyekuwa akivuna magunia machache baada ya ndovu kumaliza haja yake, akapata fedha za karo bila kushika jembe.

Huko Mwaluganje wametengeneza hata karatasi kwa mavi ya ndovu. Ndovu hula sana lakini tumbo lake halisagi vizuri. Nyuzi nyingi za majani hutoka nzima. Huchemshwa, huoshwa, hupondwa, hutandazwa, hukauka, na wageni hununua. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mavi ya namna hiyo anayo shambani kwake bila kulipia.

Lakini nisikudanganye, ndugu msomaji. Fedha ya wageni hupanda na kushuka. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuia ndege, wageni walikatika dunia nzima, na ndovu hakupunguza kula. Mahindi hayana tabia hiyo. Mahindi ukiyaweka ghalani unajua unacho kiasi gani.

Tena, uzio haumalizi mambo. Milima ya Shimba ina uzio wa umeme. Ndovu waliofungiwa humo waliongezeka, wakaanza kuharibu msitu wenyewe, na wengine wakavunja uzio na kuingia mashambani. Mwaka 2005 Wakenya waliwachukua ndovu 150, wakawalaza kwa dawa, wakawapakia katika malori na kuwapeleka Tsavo Mashariki. Ilikuwa kazi kubwa na ya gharama kubwa.

Kwetu Tanzania kuna njia kadhaa. Vijiji vinaweza kuungana na kutenga ardhi kuwa eneo la jumuiya la hifadhi ya wanyamapori, kama walivyofanya watu wa Burunge karibu na Tarangire, na wageni wakalipa. Hifadhi za taifa nazo husaidia vijiji jirani kujenga madarasa na zahanati. Na kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mtu aliyeliwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa kwa sababu ya mnyama mkali. Angalia majina hayo. Si fidia. Hayalipi thamani yote ya mali yako. Basi ukipata hasara, usikae nayo nyumbani. Itoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, kabla nyayo hazijafutika, ili shamba likaguliwe.

Mzee wetu alikwisha kutoa taarifa mara moja, zamani kidogo. Alisubiri sana. "Walisema watanifuta jasho," alisema. "Jasho limekauka lenyewe."

NYUKI NA PILIPILI

Askari alimpa mzee mambo mawili ya kwenda nayo, na nadhani kwake yalikuwa na thamani kuliko picha tulizopiga.

La kwanza ni nyuki. Ndovu na ukubwa wake wote anamwogopa nyuki, maana nyuki humuuma ndani ya mkonga na kuzunguka macho. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima huzungushia mashamba yao mizinga. Huining'iniza kwenye nguzo, kila mita 10 mzinga mmoja, na huiunganisha kwa waya. Ndovu akisukuma waya usiku, mizinga yote huyumba, nyuki hutoka. Ndovu hurudi alikotoka, na mkulima anapata asali.

La pili ni pilipili. Saga pilipili kali, changanya na oili chafu ya gari, paka kwenye kamba au vitambaa, funga kuzunguka shamba. Ndovu hunusa sana kuliko mbwa, na harufu hiyo humchoma. Mvua ikinyesha, paka tena. Wapo pia wanaochoma matofali ya pilipili na mavi makavu ya ndovu ili moshi uende upande anakotoka.

Hakuna dawa inayoshinda siku zote. Ndovu ana akili, na akigundua mahali palipo wazi atapita hapo.

MAJI

Mchana tulitembea kwa miguu kwenda kuona maporomoko ya Sheldrick. Ni mwendo wa kilomita 2 hivi, kuteremka, na askari mwenye bunduki hutangulia. Maji huanguka kutoka juu zaidi ya mita 20. Kurudi ni kupanda, na mzee alitushinda wote kwa kupumua vizuri.

Katika milima hii kuna chemchemi za Marere. Maji yake huenda kwa mabomba kusaidia miji ya chini, hata Mombasa. Nasi tuna msitu wa namna hiyo. Mto Zigi huteremka kutoka misitu ya Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani, na huko ndiko watu wa Tanga hupata maji.

Kama hutaki kuvuka mpaka, nenda huko. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliwekwa mwaka 1997. Unapita Muheza na kupanda. Ndovu hakuna, wala usimtafute. Utaona mbega weusi wenye mashuka meupe mgongoni, hondohondo wanaoruka kwa kelele za mabawa, na vinyonga wenye pembe tatu. Kwa kinyonga gari halikusaidii kitu. Shuka, tembea na mtu wa kukuongoza, tena usiku kwa tochi, maana kinyonga aliyelala hupauka na taa humwonyesha upesi.

KURUDI

Tulitoka langoni saa 10 jioni. Land Rover ilituteremsha Ukunda, nasi tukapanda matatu ya Lunga Lunga. Njiani mzee alitaka tusimame sokoni. Alinunua pilipili kavu, kilo 2, za kuanzia. Oili chafu, alisema, atapata kwa mafundi wa malori Horohoro, na hao hawamuuzii mtu, wanamwaga.

Tulivuka mpaka giza linaingia. Sisi tuliokuwa vijana tulitafuta mahali pa kulala, na tulimshika mzee alale nasi, maana njia ya kwake ni ndefu. Alikataa. Mahindi yake ya mwisho yalikuwa bado shambani, na mjukuu wake alikuwa peke yake kwenye dungu tangu jana.

Alimkuta kijana wa pikipiki anayeelekea upande wake. Kabla ya kupanda aliniuliza kama nina betri za tochi. Nilikuwa nazo nne, nikampa.

"Leo akija," alisema, "nitamwangalia kwanza kama ana mtoto."

Akafunga pilipili yake vizuri, wakaondoka.